Saa Mbili za Kunyonyesha: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Mji wa Mbulu

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: WALIMU NA WAUGUZI WANAONYONYESHA, KATA YA DAUDI

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, kifungu cha 33 kinamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Siku 84 ni wiki 12, na miezi 6 ni kama wiki 26. Pengo hilo limeachiwa hizo saa mbili. Ndiyo maana nakuandikia wewe na sijaliandikia Bunge: haki imekwisha kuandikwa, lakini kutumika kwake kunategemea kituo unachompangia mtumishi na ratiba anayopewa na mkuu wake wa kazi.

Huku kwetu nyanda za juu kaya zimetawanyika, kila moja na shamba lake. Mwalimu aliyepanga chumba mbali na shule, akitumia saa nzima kwenda na kurudi kwenye utelezi wa masika, nusu ya haki yake imeishia njiani. Ratiba nayo ina lake. Kipindi cha sekondari ni dakika 40, kwa hiyo saa mbili ni vipindi vitatu. Akiachiwa kimoja asubuhi, kingine baada ya mapumziko na cha tatu mchana, hakuna hata kimoja kitakachomfikisha kwa mwanawe. Vikifuatana, atafika, atanyonyesha na kurudi darasani. Kuvipanga hivyo hakuhitaji fungu la bajeti. Ni kazi ya mwalimu wa taaluma na karatasi yake.

Kwa muuguzi hali ni nzito zaidi. Sheria inakataza kumpangia mama kazi ya usiku katika miezi miwili baada ya kujifungua. Lakini likizo yenyewe inaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya kujifungua, na aliyeianza mapema hivyo hubakiwa na wiki 8 za kukaa na mtoto. Kinga yake ya usiku inakwisha siku chache tu baada ya kuripoti kazini. Aliyesubiri hadi uchungu, kinga inakwisha akiwa bado nyumbani. Zahanati yenye wauguzi wachache inaweza basi kumweka zamu ya usiku wiki ileile aliyorudi, na hakuna aliyevunja sheria.

Najua jibu la kwanza litakuwa ikama: watumishi hawatoshi. Ni kweli, na nadhani hoja hiyo iko upande wangu. Vipindi vitatu vilivyopangwa vinajulikana mapema na vinaweza kufidiwa. Siku ambayo mama anaomba ruhusa ghafla kwa kuwa mtoto anaumwa haifidiki, na akihama kabisa, pengo linabaki kwa muda mrefu. Wengine watasema akamue maziwa ayaache nyumbani. Sawa, maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa nne bila jokofu, ila akihitaji kukamua tena akiwa kazini, katika ofisi moja ya walimu wote, wanaume kwa wanawake, atakamulia wapi? Wapo pia wanaokumbusha kwamba mama zetu walilea na kulima. Walilima mtoto akiwa mgongoni. Ofisi haimruhusu mtoto huyo. Hata katika Bunge la Kenya, Agosti 2019, mbunge Zuleikha Hassan alitolewa ukumbini kwa kuingia na mwanawe wa miezi 5.

Kwa hiyo naomba, Ndugu Mkurugenzi, uwaandikie wakuu wa shule na waganga wafawidhi wa Daudi mambo haya: saa za kunyonyesha zipangwe kwa mfululizo, pawepo chumba chenye mlango unaofungwa na maji ya kunawa, zamu za usiku zisimguse mama hadi mtoto atimize miezi 6. Na unapopanga vituo, mama anayetoka likizo ya uzazi afikiriwe kwanza katika nyumba za watumishi zilizo karibu na kazi yake. Muhula ujao unatosha kuanzia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Daudi