DVD za nyumbani hazihitaji programu ya kununua

Jamani, wiki jana nilikuwa nyumbani Sosiot, mama akanitolea lile boksi la DVD linalokaa chini ya televisheni. Harusi tatu, matanga, na koito ya dada yangu ya mwaka 2009 (kwa wasio Wakipsigis: ndiyo siku wazee wa pande mbili wanakaa kuelewana juu ya mahari). Nikaiweka koito. Ikagoma pale pale babu anaposimama kuzungumza. Babu hayuko tena, na sauti yake hatuna mahali pengine popote.

Nikawauliza wenzangu kazini wanahifadhi DVD kwa programu gani. Wakaniletea orodha za "programu kumi bora", nyingine za kulipia, nyingine zimedukuliwa na mtu asiyejulikana. Nasema wazi: nyingi za orodha hizo ni matangazo tu, na zinatibu ugonjwa ambao DVD zetu hazina!

Filamu za Hollywood zilifungwa kwa kufuli iitwayo CSS. Mwaka 1999 ilitoka DeCSS ya kuifungua. Jon Lech Johansen, kijana wa Norwe, akashtakiwa kwa ajili yake na akaachiliwa mwaka 2003. Programu za kuuzwa hujisifu kwa kazi hiyo hiyo. Sasa, fundi wetu wa video alifunga nini? Alichoma DVD-R tupu akalipwa akaenda. Kama diski yako ni nzima, nakili folda ya VIDEO_TS, ibandike kwenye kompyuta. Basi. Unalipia nini?

Shida ya kweli ni diski inayokufa. Data ya DVD-R hukaa kwenye rangi ya kikaboni, ambayo huharibiwa na jua, joto na unyevu, na huku kwenye chai unyevu si wa kutafuta. Programu nyingi zikikuta sehemu mbovu hukata tamaa, au hung'ang'ania hapo hapo mpaka asubuhi. GNU ddrescue, ambayo ni ya bure, huruka sehemu mbovu, huokoa kwanza zilizo nzima, kisha hurudi. Huandika kwenye ramani ilipofika, kwa hiyo stima ikipotea (na itapotea) unaendelea ulipoachia. Kwa Ubuntu kifurushi chake kinaitwa gddrescue. Amri ni mbili tu:

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 koito.iso koito.map
ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 koito.iso koito.map

Nilipangusa diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, nikaiacha ikifanya kazi usiku kucha. Kulipokucha nikaazima kisoma-diski cha jirani, nikaendelea na ramani ile ile. Kifaa kimoja husoma pale kingine kilipokwama. Sekunde chache zimekufa kabisa, lakini babu anazungumza mpaka mwisho.

Najua kuna atakayesema GB 4.7 kwa kila diski ni mzigo, geuza tu MP4 ndogo kwa HandBrake. HandBrake naipenda, na ndiyo niliyotumia kuwapelekea shangazi zangu kipande kwenye WhatsApp. Lakini hiyo ni nakala ya kutazama, si ya kuhifadhi! Video ya DVD ilishabanwa kwa MPEG-2 tangu mwanzo. Ukiibana tena unapoteza tena. Fundi mmoja aliigeuza harusi ya binamu yangu kuwa faili ya MB 300, akatupa diski. Nyuso za wageni sasa ni kama uji. Na huo mzigo ni upi hasa? DVD 40 zilizojaa pomoni ni GB 188.

Zile filamu za karate tulizonunua stendi sikuzigusa. Wacha zioze, zinapatikana kwingine.

Diski ngumu moja imebaki kwa mama, nyingine nimeibeba Nairobi. Ameniuliza kama sasa anaweza kutupa lile boksi. Nimemwambia asubiri, bado nataka kuijaribu koito kwa kisoma-diski cha tatu.