Kocha wa Chuo na Kalamu Inayomsubiri

Lugha yetu ina utajiri wa ajabu inapofika zamu ya kumwachisha mtu kazi. Kocha hupigwa kalamu, humwaga unga, hutimuliwa, hufungashiwa virago. Kurasa za michezo za magazeti ya Kiswahili zimejaa misemo hii. Mtafutie sasa kocha aliyeshindwa kisha akavumiliwa msemo wake. Mimi sijaupata, wanaleksikografia waliomo katika chama chetu watanifaa wakiupata.

Nawazia makocha wa mpira wa vikapu katika vyuo vya magharibi mwa Kenya. Eneo hili halina uhaba wa wanamichezo. Safiri kutoka Kitale, upite Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha ukate kuelekea mjini Bungoma, nawe utawaona vijana warefu wepesi wakirusha mpira kwenye viwanja vya vumbi. Shule ya St. Anthony's ya Kitale ina sifa nchini kwa soka na magongo, na Friends School Kamusinga, kule Kimilili, kwa magongo vilevile. Swali ni vijana hawa huishia wapi baada ya KCSE.

Huishia wanakopelekwa. KUCCPS, asasi iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, huwagawa kwa kuzingatia alama, kozi walizochagua na nafasi zilizopo. Anayetaka shahada sharti awe na C+ au zaidi. Hakuna mahali pa kuandika kimo wala idadi ya vikapu alivyofunga. Kwa hiyo kocha wa chuo kikuu cha umma kama Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, hana kauli katika ugawaji huo. Awezalo ni kumbembeleza kijana akiteue chuo hicho mapema. Atambembeleza kwa nini, ilhali vyuo vya kibinafsi jijini Nairobi, USIU ikiwa mfano, hutoa ufadhili wa michezo?

Anayejaribu njia za mkato huambiwa amesajili mamluki. Neno hili, kwa asili yake ya Kiarabu, humaanisha mtu anayemilikiwa. Kijana wa Bungoma anayecheza ili apate karo hamilikiwi na yeyote. Pengine ndiye pekee katika mkasa huu anayejua anachokitaka.

Katika chuo nilikosomea shahada ya kwanza, ambacho sitakitaja, kocha wetu alikuwa na mkataba wa muhula mmoja mmoja. Tulishindwa mechi tano mfululizo, na mkataba haukuhuishwa. Wachezaji wetu wawili bora walikuwa wameenda mazoezi ya ualimu, mmoja wao Lodwar. Hakuna aliyeliuliza hilo mkutanoni.

Wapo watakaodai kwamba fedha za wanafunzi zisimlipe mtu anayeshindwa, na kwamba Marekani, penye mashindano makubwa ya vyuo, kocha mzembe haachwi. Hoja hii ina uzito, lakini mifano ya Marekani yenyewe inaipinga. John Wooden aliingia UCLA mwaka 1948 na hakutwaa ubingwa wa taifa hadi 1964, kisha akautwaa mara kumi katika misimu kumi na miwili. Mike Krzyzewski alianza kazi Duke mwaka 1980. Katika msimu wa 1982–83 alishinda mechi 11 na kushindwa 17. Wafadhili walitaka aondoke. Mkurugenzi wa michezo, Tom Butters, alikataa, akamwongezea mkataba. Ubingwa wa kwanza ulikuja mwaka 1991. Na hao walikuwa na ruhusa ya kwenda hadi nyumbani kwa mchezaji na kumpa ufadhili!

Kwetu hata ushindi haumlindi mtu. Mwaka 2021 Liz Mills aliiongoza timu ya taifa ya wanaume hadi AfroBasket mjini Kigali, mara ya kwanza tangu 1993. Mwaka 2022 alikuwa akiifundisha AS Salé ya Moroko.

Shahada huchukua miaka minne. Mchezaji wa mwaka wa kwanza huhitaji misimu miwili kabla ya kuzoeana na wenzake, na ratiba ya mitihani haimsubiri. Kumpima kocha kwa muhula ni kumpima mkulima wa Trans-Nzoia mahindi yakiwa magotini. Napendekeza mkataba wake uwe wa miaka minne, na idara ya michezo ipewe angalau nafasi chache za karo za kumwahidi mchezaji wakati wa kuteua vyuo. Baraza la chuo litakaloona haya ni ghali litueleze kwanza, katika timu linayotaka ishinde, ni wachezaji wangapi walioteuliwa na kocha mwenyewe.