MPIMAJI NAYE APIMWE

Kuna maneno yanapita siku hizi katika matawi yetu, toka Shinyanga mpaka Geita, nasi hatuwezi kuyaacha yapite bila kujibiwa. Maneno yenyewe ni haya: "Mzee yule ni wetu. Kiti amekikalia miaka mingi. Anayekitaka kiti kile amekosa adabu." Wasemao hivyo hukaa viti vya mbele mikutanoni. Kijana akinyosha mkono ili aulize, huambiwa: "Kaa chini! Ulikuwa wapi wakati sisi tunajenga Chama?"

Ndugu wanachama, adabu kwa wazee ni mila yetu, wala gazeti hili halitaibeza. Lakini kiti cha Bunge si kigoda cha ukoo. Utemi tuliuondoa serikalini mwaka 1963. Je, tuliuondoa mlangoni ili tuuingize dirishani, umevaa shati la Chama? Hapana! Na kwa kuwa wenzetu hawa hupenda kutukumbusha habari za zamani, basi nasi leo tutawakumbusha habari za zamani. Tutasema habari za Paul Bomani.

Bwana Bomani alizaliwa mwaka 1925. Kabla hajajulikana na mtu alifanya kazi ya ofisini katika mgodi wa almasi wa Mwadui, hapo hapo Shinyanga, toka 1945 mpaka 1947. Mali ya nchi hii aliiona kwa macho yake jinsi inavyochimbwa, inavyohesabiwa, na inavyoondoka. Kisha akaenda Mwanza kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika.

Wakati ule mkulima wa Usukuma alikuwa akilima pamba kwa jasho, akaichuma, akaitenga safi na fifi, akaibeba kichwani mpaka kwa mnunuzi. Kufika pale, mwenye mizani alikuwa ni yule yule mwenye fedha. Yeye ndiye aliyepima, yeye ndiye aliyesoma ratili, yeye ndiye aliyeandika. Mkulima alipewa alichopewa akaambiwa aende zake. Angemshitaki kwa nani? Hakujua kilichosomwa.

Sasa angalieni dawa iliyopatikana. Hapakuchomwa ghala la mtu wala hapakumwagwa damu. Karibu na mwaka 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe, wanaolipwa kwa fedha za wakulima, wakasimama kando ya mizani ya mnunuzi na kuangalia. Basi! Jambo dogo namna hiyo. Lakini toka siku mtu mnyonge alipopata mtu wake wa kuisoma mizani, mambo ya Jimbo la Ziwa hayakurudi tena kama yalivyokuwa. Vikazaliwa vyama vya wakulima kila mahali, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Bwana Bomani akiwa meneja wake mkuu. Ushirika ule ulikua ukawa mmojawapo wa mikubwa kabisa katika Afrika nzima.

Serikali ya kikoloni nayo haikulala. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, matawi yake katika Usukuma yalikataliwa kuandikishwa, na marufuku ile ilidumu mpaka 1958. Mtu aliyekuwa na kadi aliificha. Lakini pamba haikuweza kupigwa marufuku, kwa sababu mkoloni mwenyewe aliihitaji. Kwa hiyo watu walikutana penye pamba, wakajifunza kuchagua viongozi, kusoma hesabu na kuuliza maswali. Chama kilifungiwa mlango, wananchi wakaendelea na darasa.

Ndipo ikaja Geita. Mwaka 1958 serikali ilitaka kuwawekea watu wa Geita baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko, ambamo wageni wachache wangepewa viti katika mambo ya wenyeji. Watu wa Geita walikataa. Wakatoka kwa wingi kwenda Mwanza, wakulima wa kawaida, wakataka kusikilizwa. Walijibiwa kwa polisi na mabomu ya machozi. Lakini baraza lile lilikufa, na kabla mwaka haujaisha TANU ikaruhusiwa tena Usukumani. Twauliza: siku ile ya mabomu, nani aliwaambia watu wa Geita, "Kaeni chini, mlikuwa wapi"? Ni mkoloni! Leo neno hilo latoka kinywani mwa mwenzetu. Je, si aibu?

Bwana Bomani alipita bila kupingwa katika ule uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959. Mwaka 1960 akawa waziri. Toka 1962 alikuwa Waziri wa Fedha. Kama yuko mtu aliyeweza kusema, "Kiti hiki ni changu, nilikijenga kwa mikono yangu," ni yeye. Nani Mwanza asiyekuwa na deni kwake?

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Mwezi wa Septemba 1965 nchi ilifanya uchaguzi wake wa kwanza chini ya chama kimoja. Mkutano wa TANU wa wilaya uliwapigia kura waombaji, Halmashauri Kuu ikateua wawili kwa kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Wagombea walisimama pamoja katika mikutano iliyotengenezwa na Chama. Ilikatazwa mtu kutaja kabila au dini ili apate kura. Na watu wa Mwanza, wale wale wakulima wa pamba, wakampima Waziri wa Fedha, baba wa ushirika wao, wakamwona hakutosha. Akashindwa.

Wako waliosema watu wale hawana shukrani. Sisi twasema walikuwa wanafunzi wazuri mno! Yeye ndiye aliyewafundisha kuwa asiachwe mtu kuisoma mizani peke yake. Walilishika somo, wakalitumia kwa mwalimu. Na mwalimu alitoka kitini wala nchi haikutikisika.

Tusifiche neno. Wapinzani wetu husema, "Lakini Rais alimrudisha katika serikali!" Ni kweli. Alipewa Wizara ya Uchumi na Mipango ya Maendeleo, baadaye akawa Balozi wetu Marekani toka 1972 mpaka 1983, akarudi kuwa waziri tena, na mpaka kufa kwake mwaka 2005 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ujuzi wake ulikuwa mali ya taifa, na taifa lilifanya vema kuutumia. Mtu aliyeshindwa kura si takataka. Lakini kuteuliwa ni kitu kimoja, na sauti ya watu wa jimbo ni kitu kingine. Mwenye jimbo alikwisha sema, na neno lake lilishika.

Tena tuseme na lile linalotuuma sisi wenyewe. Ushirika uliozaliwa kwa ajili ya mizani ya haki, nao ulianza kulalamikiwa. Mwaka 1966 kamati maalum ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika, ikakuta uongozi mbovu na ulaji. Wapimaji waligeuka wapunjaji! Na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri toka juu, mpaka sheria ya 1982 ilipovirudisha. Mkulima hakuulizwa siku ya kuvunja. Mwenye ghala alipokosea, tulibomoa ghala. Dawa ilikuwa kumpima mwenye ghala.

Sasa tuje kwa leo. Mjukuu wa mkulima yule wa pamba yuko wapi? Yuko Nyarugusu, yuko Rwamgasa, yuko Kakola, ameshika sululu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009 na ukafungwa 2021. Mwaka 2019 Geita ikafunguliwa soko la madini, na mchimbaji mdogo akasimama tena mbele ya mizani kama babu yake. Safari hii hazisomwi ratili, zinasomwa gramu. Lakini swali ni lile lile: nani amesimama kando anaangalia?

Kwa miaka mingi, kwa mikataba iliyotiwa sahihi mbali na wananchi, halmashauri zetu zilipokea kwa migodi mikubwa dola 200,000 kwa mwaka, nayo sheria ya ushuru wa huduma ilisema asilimia 0.3 ya mapato. Hesabu hiyo haihitaji msomi. Yahitaji mtu wa kusimama Bungeni na kuuliza, na akinyamazishwa aulize tena. Basi mbunge wako wa miaka mingi akikuambia ana uzoefu, mwambie: "Vizuri, Mheshimiwa. Uliuliza nini, na mwaka gani?"

Hapa tunawageukia wanachama wenzetu, maana lawama si ya wabunge peke yao. Iko mizani moja ambayo hakuna mkoloni wala kampuni iwezayo kuichezea tusipoichezea sisi: kura ya ndani ya Chama. Nchi hii iliwahi kuwa na sheria iliyohalalisha takrima wakati wa uchaguzi, mpaka Mahakama Kuu ilipoitupa mwaka 2006. Jina lilitupwa. Je, tabia nayo imetupwa? Mwanachama anayepokea kanga, kilo ya sukari na noti mbili usiku ili amrudishe mtu kitini, huyo ameuza jiwe la mizani. Kesho asilalamike kuwa amepunjwa.

Hatusemi kila mzee aondoke. Miaka mingi si kosa, na ujana si sifa. Yuko mzee ambaye akipimwa leo atakuwa mzito kuliko vijana kumi, nasi tutampigia kura kwa mikono miwili. Tunachokataa ni yule anayekimbia mizani. Mtu mwenye pamba safi haogopi kupimwa.

Kwa hiyo twawataka wanachama wa Shinyanga na Geita wafanye mambo matatu. Kwanza, pasiwe na jimbo ambalo mtu atapita bila kupingwa kwa kutishana. Pili, kila mbunge aombaye tena asomewe mbele ya tawi aliyoahidi na aliyotenda, naye ajibu kwa kinywa chake. Tatu, anayegawa fedha na anayezipokea watajwe wote wawili katika mkutano, na kadi zao ziwekwe mezani.

Babu zetu walisimama kando ya mizani ya mnunuzi mwenye nguvu, wala hawakutetemeka. Sisi tutamwogopa mwenzetu?

UHURU NA KAZI!