Umeuza nini? Swali ambalo somo la ujasiriamali haliulizi

Ingia saiba yoyote iliyo karibu na chuo, kuanzia Ruiru hadi Thika, wiki mbili hivi kabla ya mitihani ya mwisho wa semista. Utapata foleni, na wengi walio kwa hiyo foleni wamekuja kuchapisha mpango wa biashara wa somo la ujasiriamali. Jamaa wa saiba ana faili nzima ya mipango ya watu waliomaliza kitambo: ufugaji wa kuku, kinyozi, saluni, duka la keki, kuosha magari. Unachagua mmoja. Anabadilisha jina la mwenye biashara, anabadilisha mtaa, Makongeni inageuka Kihunguro, anaweka gamba la plastiki, unalipa, unaenda zako. Kuku ni wale wale wa miaka yote na hakuna hata mmoja amewahi kutaga.

Siwacheki makomredi. Ukiambiwa uandike kurasa 40 kuhusu biashara ambayo hakuna mtu, hata mhadhiri mwenyewe, anatarajia uifungue, utafanyaje? Utanunua. Na ukiangalia vizuri, aliyefanya ujasiriamali hapo ni yule jamaa wa saiba. Aliona watu wana shida, akatafuta suluhu, akaweka bei ambayo mwanafunzi anaweza. Lakini yeye hajaandikishwa kwa hilo somo, kwa hivyo alama anapata mnunuzi.

Niseme mapema kwamba mimi niliacha chuo mwaka wa pili, ili usije ukaligundua baadaye ukadhani nimeficha. Na sikuuzii ile ngano ya Bill Gates aliyeacha Harvard akawa bilionea. Babake Gates alikuwa wakili, na shule yake ya upili ilikuwa na mashine ya kuwaunganisha wanafunzi na kompyuta mwaka 1968. Wewe mzee wako yuko Gatundu anahesabu majani ya chai na kungoja siku ya gredi. Baki shuleni. Swali langu ni lingine: ukiwa huko ndani, na karo imeshalipwa, hili somo linakuachia nini mkononi?

Kwa sababu si somo geni. Tangu miaka ya 1990, wanafunzi wa vyuo vya ufundi nchini wamekuwa wakifundishwa ujasiriamali kwa lazima, na kuandika mpango wa biashara ukawa sehemu ya mitihani ya KNEC. Vyuo vikuu navyo vikafuata. Leo ukipanda matatu kutoka Ruiru unaanza na Zetech na kampasi ya Ruiru ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, unafika Juja kwa JKUAT, unamalizia Thika kwa MKU. Kwa nauli ya matatu umepita maelfu ya vijana ambao, kwa namna moja au nyingine, wataguswa na neno ujasiriamali kabla wahitimu. JKUAT wanakufundisha hadi shahada ya udaktari ya ujasiriamali. Kwa hivyo masomo tunayo tele. Kitu sioni ni mteja.

Cha kushangaza, darasa bora la ubunifu ambalo limewahi kufanyika Thika halikuwa chuoni, na wengi wetu hatulijui.

Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone walikuja Thika na sehemu mbili za Nairobi kujaribu kitu kipya. Kilikuwa na mawakala wachache na wateja kama 500 tu, wengi wao watu wa vikundi vya mikopo vya Faulu. Wazo lililoandikwa kwenye karatasi lilikuwa la kawaida kabisa: mtu mwenye mkopo mdogo asiwe anapoteza siku kwenda mkutanoni na noti mfukoni, alipe kwa simu. Basi. Kulipa mkopo. Wafadhili walikuwepo, pamoja na pesa za serikali ya Uingereza, na mpango ulikuwa umepangwa ukapangika.

Halafu watu wa Thika wakapewa simu, wakaanza kufanya mambo yao. Mmoja anamlipia mwenzake mkopo kwa sababu huyo mwenzake alimfanyia kazi fulani. Mwingine anamnunulia ndugu yake wa mbali kredo, naye huko anaigeuza pesa. Wenye biashara wakaona benki hufungwa mapema na wao wanafunga duka usiku, wakaamua simu ndiyo sefu. Wengine wakisafiri kati ya Thika na Nairobi wanaweka pesa huku na kuzitoa kule, ili wakiibiwa njiani mwizi apate suruali tupu. Hakuna hata moja kati ya haya lililokuwa kwa mpango.

Wale waliokuwa wakiendesha jaribio, Nick Hughes na Susie Lonie, wangeweza kusema wateja wanakosea, warudishwe kwenye mstari. Wakaangalia. Waliona ile shughuli ya mikopo ni ngumu na inawachanganya hadi watu wa Faulu wenyewe, lakini kutuma pesa kila mtu ameelewa bila kufundishwa. M-Pesa ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mambo ya kulipa mkopo yalikuwa yamewekwa kando, na tangazo lilikuwa linakwambia tu utume pesa nyumbani. Yaliyofuata unayajua, yako kwa simu yako.

(Na tafadhali, ile stori ya kwamba M-Pesa iliibwa kutoka kwa mwanafunzi wa Juja tuiache. Imezunguka mitandaoni miaka mingi na si kweli. Inatupendeza kwa sababu inatwambia kwamba wazo peke yake ni dhahabu na kuna mtu anangoja kuliiba. Ndiyo maana kuna vijana wanakataa kukwambia biashara yao ni gani mpaka utie sahihi karatasi, na bado hawajauza chochote.)

Sasa chukua ule mradi wa 2005 uupeleke kwa somo la ujasiriamali. Ungesahihishwaje? Mwanafunzi aliandika sura ya pili kwamba wateja watalipa mikopo. Wateja wakafanya kitu kingine. Akabadilisha biashara yote katikati ya semista. Kwa mfumo wa sasa huyo ameanguka, kwa sababu sura ya tano hailingani na sura ya pili. Sisi tunatoa alama kwa mtu ambaye hakubadilisha chochote, na hakubadilisha kwa sababu hakukutana na mtu wa kumbadilisha.

Usidhani ni mambo ya simu pekee. Angalia Bidco, ambao kiwanda chao kiko hapo Thika. Ile familia ilianza na nguo kule Nyeri miaka ya 1970. Wakaingia kwa sabuni miaka ya 1980. Mafuta ya kupikia Thika ni 1991, na baadaye ndio wakainunua Kimbo kutoka kwa Unilever (Kimbo ya kukaanga, si ile Kimbo ya Ruiru unashukia). Nguo, sabuni, mafuta. Ukimpa mtu wa 1970 aandike mpango wa miaka mitano, hakuna pahali mafuta yangetokea. MKU yenyewe, ambayo wengine wenu mnasomea, ilianza kama Thika Institute of Technology ya Simon Gicharu, mwalimu wa zamani, na ikapata hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 2011. Jengo unalokalia ukisikiza nadharia ya ujasiriamali ni biashara ya mtu. Sijui ni wangapi wamewahi kupewa asaimenti ya kuisoma hiyo biashara.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Kuna mambo darasa linaweza kukupa ambayo mtaa hautakupa, na hapa natofautiana na wale wa mtandaoni wanaosema digrii ni karatasi. Mtaa unafundisha kuuza. Kuhesabu haufundishi. Nina marafiki wanasukuma troli za smoki na mayai pale Ruiru, wanauza vizuri ajabu, na kila mwezi wanashangaa pesa zimeenda wapi. Tuseme smoki moja anainunua Sh20 na kuiuza Sh35. Atakwambia faida ni Sh15. Haya, kachumbari je? Makaa? Tishu? Smoki mbili alizompa afisa wa kanjo ili asibebewe troli? Zile tano zilizoharibika Jumapili mvua ikinyesha? Ukitoa hayo yote labda Sh15 imebaki Sh8, na bado hajajilipa masaa kumi aliyosimama. Halafu anakula tatu mwenyewe kama chakula cha mchana na kuziita bure. Mtu wa uhasibu wa mwaka wa kwanza angemfanyia hiyo hesabu kwa nusu saa. Lakini mtu wa uhasibu yuko saiba ananunua kuku wa karatasi, na wa smoki yuko nje ya geti, na chuo hakijawahi kuwakutanisha.

Hapo ndipo ningeanza kama mtu angeniuliza. Mpango wa biashara uondolewe kwenye alama, au ubaki na alama kumi za kukumbukwa. Semista ina wiki kama kumi na nne. Tatu za kwanza zitumike kufundisha bei, gharama na kuweka rekodi. Wiki ya nne kila kikundi kitoke nje kikauze kitu, chochote halali, kwa mtu ambaye si mwanakikundi na si shangazi. Chapati, kufua viatu, kutengeneza simu, kuandika wasifu wa watu wa Kiandutu wanaotafuta kazi viwandani. Mwisho wa semista mhadhiri asiulize utauza nini. Aulize umeuza nini, kwa nani, nani alikataa na alisema nini alipokataa. Hilo la mwisho ningelipa alama nyingi kuliko yote. Na kikundi kilichopata hasara kikiwa na rekodi safi kipite vizuri, kwa sababu hasara ya Sh600 ukiwa mwaka wa pili ni bei nafuu kuliko hasara ya mkopo ukiwa na miaka 28 na mtoto.

Najua mhadhiri atauliza: nitajuaje hawajadanganya mauzo? Ni swali la haki, ana wanafunzi mia tatu na meza moja. Lakini kwa mpango wa kuku huwa anajua? Angalau mauzo yana taarifa ya M-Pesa, ina tarehe na saa. Mtu anaweza kujitumia pesa na marafiki kuzungusha, sawa, ila hata huyo atakuwa amelipa ada ya kutuma, na akichunguzwa kidogo atashikwa, maana wateja wake wote wanalala chumba kimoja.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakuna mtihani utakiondoa. Hosteli niliyokaa mimi ilikuwa na notisi ukutani: ni marufuku kufanya biashara vyumbani. Notisi hiyo ilikuwa imebandikwa mlango unaofuata kutoka kwa dada aliyekuwa akisuka nywele za korido nzima. Alikuwa anasuka usiku, pazia limefungwa, kama anapika chang'aa. Asubuhi anaenda darasani kusoma sifa kumi za mjasiriamali: kujiamini, kuthubutu, kuona fursa. Ukihesabu, alikuwa nazo zote kumi pamoja na woga wa msimamizi. Chuo kikikubali kwamba huyo dada ndiye mwanafunzi wake bora wa ujasiriamali, kitamtafutia kona karibu na kantini, imulikwe taa, alipe kodi kidogo, na wa uhasibu wamwekee vitabu vyake kama kazi yao ya semista.

Hazina ya Hustler ilipoanza Novemba 2022, mkopo wa kwanza wa wengi ulikuwa Sh500, na makomredi wengi walicheka. Sh500 ni ya nini? Lakini kurasa 40 za saiba kwa Sh10 kila moja, ongeza gamba na kubandika, zinakaribia hapo hapo. Na pesa hiyo watu wanatoa kila semista bila kucheka. Vikundi vya watu sita, kila mmoja alete ile pesa ya kuchapisha, mna kama Sh3,000. Hiyo ni trei kadhaa za mayai, chumvi, pilipili na sufuria ya kuazima, na Thika Road jioni, watu wakishuka matatu na njaa, haijawahi kukosa wa kununua yai.