Mwendo wa Miguu si Ufukara

Wapo washikiliao kuwa atembeaye kwa miguu ni mtu asiye na uwezo. Dhana hiyo imepanda hadi Igowole, huko Mufindi, wilaya ya mashamba ya chai, ambako kijana mwenye nguvu zake huita bodaboda kwa safari ya dakika kumi! Mwaka 1967 Rais Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha; nani alimwita fukara? Shirika la Afya Duniani hutaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa haraka, au mfano wake, kila wiki. Mchuma chai hahitaji kuhimizwa. Ahimizwe bwana mwenye gari, ambaye shinikizo la damu limemkuta kitini.