Mistari Myeusi Haileti Sinema

Uwiano wa upana kwa kimo wa 2.39 kwa 1 hauipi video ya muziki hadhi ya sinema, hata kama wapo walioandika kwamba huipa. CinemaScope ilipozinduliwa Marekani mwaka 1953 na filamu ya The Robe, lenzi ya Mfaransa Henri Chrétien ilibana picha kwenye mkanda, na projekta ikaitandaza upya: mtazamaji aliyeanza kunogewa na televisheni akaongezewa picha. Kwenye skrini ya 16:9 upana wa 2.39 humpunguzia. Kati ya pikseli 1080 za kimo hubaki 803 hivi. Robo ni giza tupu. Simu ikishikwa wima, mwimbaji huwa kama njiti ya kiberiti. Tena watengenezaji wengi wa video hawana lenzi ya namna hiyo. Hukata tu juu na chini, na miguu ya wachezaji ikaenda na makapi.