Hamkupata picha, basi nguva hayupo?

Najua niliahidi kuandika juu ya boom kuchelewa, lakini hilo lina wasemaji wengi. Leo nina ugomvi wangu mwingine, na nimeamua kuumalizia hapa kwa sababu kwa mdomo nilizidiwa. Pale kafeteria mlikuwa sita, mimi mmoja, halafu mnapokezana.

Kwa wasiojua chanzo: likizo iliyopita niliwapeleka washikaji wanne nyumbani Dimani. Dimani ya Kibiti, narudia, si ile ya Unguja. Wao picha za twiga na tembo wanasema zimewachosha, kila mtu anazo. Wakataka mnyama adimu. Nikajitia kimbelembele, nikasema kwetu upande wa delta kuna nguva. Wakapagawa! Siku ya pili tukashuka Nyamisati, tukakodi mashua yenye mashine, tukakatiza kwenye mikoko mpaka maji yakafunguka upande wa Mafia.

Kutwa nzima tuko majini. Jua linachoma, mmoja katapika mara tatu (simtaji, mwenyewe anajijua). Alasiri ndipo kitu cha rangi ya kahawia kikainuka mbali kidogo, kikapuliza pumzi, kikazama. Nahodha akasema, "Huyo." Kabla simu hazijatoka mfukoni, hayupo. Mshikaji mmoja akapiga kelele, "Mfukuze mzee, tunakuongeza elfu ishirini!" Mzee akazima mashine. Akakaa kimya, kisha akasema taratibu, "Wanangu, huyo mkimfukuza hampati kitu, mnamchosha tu. Nyie kesho mko Dar, mimi nipo hapa hapa naye." Tukarudi na picha za mikoko na za sura zetu.

Sasa tangu tufungue chuo imekuwa wimbo. Mmoja anasema nguva wa Rufiji ni stori za pwani, kama yupo picha iko wapi? Mwingine anasema nguva ni yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, kwa hiyo mimi ni mshamba ninayeamini majini. Na yule wa elfu ishirini anasema safari iliharibiwa na nahodha asiyejua biashara. Haya, nawajibu.

Kwanza, nguva si jini, na wala si samaki. Ni mnyama, ananyonyesha mtoto, anavuta hewa kama mimi na wewe, na anakula majani yanayoota chini ya bahari. Kila baada ya dakika chache anapanda juu, anatoa pua, anashuka. Basi. Na maji yale yana tope la Mto Rufiji, huoni hata kasia lako likizama. Ulitaka akupigie pozi?

Pili, hii hoja ya "hakuna picha, hakuna mnyama". Jamani, tuko chuo kikuu! Mnamkumbuka kipunji? Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa wanamjua nyani huyo na jina wamempa. Watafiti walipoanza kusikia habari zake mwaka 2003 hawakuwa na hakika kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi za wazee. Waliendelea kuuliza na kutembea msituni, na Desemba mwaka huo huo wakamwona vizuri. Julai 2004 watafiti wengine wakamkuta pia Ndundulu, kule Udzungwa. Sasa niambieni, kabla ya 2003 kipunji alikuwa hayupo? Alikuwepo, anakula, anazaa. Ambacho hakikuwepo ni masikio ya kuwasikiliza waliokuwa wanamjua. Mvuvi wa delta aliyekaa majini miaka arobaini akikwambia "huyo", huo ni ushahidi. Unaweza kuupima, unaweza kuuhoji, lakini kuucheka kwa sababu hauna picha ni uvivu tu.

Tatu, najua mtanigeuzia kibao: si hata kipunji alitangazwa kwa picha? Ndiyo, na hapo ndipo mnaponisaidia. Mei 2005 alipotangazwa kwenye jarida la Science, walitumia picha na sauti zake, hawakumuua mmoja ili awe kielelezo kwenye kabati la makumbusho kama ilivyozoeleka. Wataalamu wengine walilalamika sana kwamba picha haitoshi. Baadaye akapatikana mmoja aliyekufa kwenye mtego wa mkulima, wakapima nyama yake, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe. Kwa hiyo mimi sina ugomvi na kamera. Picha ile ilichukua nafasi ya risasi. Picha yetu sisi ilikuwa inataka kuchukua nafasi ya nini? Ya status. Tulitaka watu waseme "duh, mmempata wapi?" Na kwa hilo tulikuwa tayari kumkimbiza mnyama kwa mashine.

Na tunamkimbiza nani? Desemba 2022 shirika la uhifadhi la IUCN lilimweka nguva wa Afrika Mashariki kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Wakubwa wanaoweza kuzaa, pwani yote hii, hawafiki 250. Kundi kubwa lililobaki liko Bazaruto, Msumbiji. Kwetu wamebaki wa kuokoteza. Jike anazaa mtoto mmoja tu, na anaweza kukaa miaka mitatu hadi saba kabla hajazaa mwingine. Ukimtenganisha na mtoto kwa kelele za mashine yako, hujapoteza picha, umepoteza miaka.

Kinachowamaliza zaidi kinajulikana: jarife. Zile nyavu za matundu makubwa zinazotegwa kwa papa na taa. Nguva akinasa humo hawezi kupanda kuvuta hewa, anakufa maji. Ndiyo maana picha nyingi za nguva wa kwetu ni za mzoga, umelazwa mchangani watu wameuzunguka. Mnataka picha ya nguva wa Rufiji? Mkiendelea na tabia hii mtaipata, ila itakuwa ya aina hiyo.

Sasa niseme la kwangu, nisije kuonekana mtakatifu. Ile elfu ishirini ilipotajwa, mimi nilinyamaza. Niliangalia pembeni. Moyoni nilikuwa naomba mzee akubali, maana mimi ndiye niliyewaahidi, na niliona aibu kurudi mikono mitupu mbele ya wageni. Mzee ambaye ile hela angeihitaji kuliko sisi wote ndiye aliyekataa. Mtoto wa Dimani nikafundishwa adabu ya bahari ya kwetu mbele ya watu wa Dar. Hilo linaniuma kuliko kuchekwa kafeteria.

Likizo ijayo naenda tena, anayetaka twende. Ila masharti: mashine inazimwa tukimwona, hakuna kumfuata, na mahali tulipomwona hapatajwi kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Tutachukua daftari tuwaulize wazee: umemwona lini, wapi, wangapi, alikuwa na mtoto? Hayo ni madesa ambayo huwezi kuyapata maktaba. Na mwenye mkono unaowasha kupiga picha, apige jarife. Lile halikimbii, na ndilo watu wanaotakiwa kuliona hawalioni.

Naishia hapa, kesho nina testi saa mbili asubuhi na sijagusa kitu. Wewe wa elfu ishirini, tukutane kimbweta kile kile. Njoo na hoja, simu iache chumbani.